Saa ya Kimya

Kuna watu wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa giza, na kuna mwanamke mmoja, fundi wa miwani, aliyekuwa akiogopa namba. Msicheke. Namba yenyewe ilikuwa ndogo, ya rangi ya kijivu, imekaa pembeni mwa skrini mbele ya jina la mtu asiyemjua, na asubuhi ile ilisomeka sifuri.

Ngoja kwanza niwaeleze namba hiyo ni ya nini, maana nikiruka hapo mtaniona napiga porojo.

Fundi huyu alifanya kazi chumba cha nyuma cha duka la miwani. Mbele kulikuwa na vioo, viti viwili na ubao wa herufi za kupimia macho. Nyuma alikuwa yeye, jiwe la kusagia lenzi linalozunguka huku maji yakilitiririkia, koleo, bisibisi ndogo kama njiti, na kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa ili isiingiwe unga. Kompyuta hiyo ndiyo iliyomfikisha barazani. Baraza lilikuwa seva ya maongezi ya mafundi miwani wa miji mbalimbali. Hakuna picha wala sauti, ni maandishi matupu, na kila mtu kwa jina lake la utani. Mmoja akivunjikiwa na mkono wa fremu anauliza, mwingine anamjibu, wa tatu anawatania wote wawili. Yeye huko aliitwa Vumbi, kwa sababu ya ule unga mweupe wa lenzi unaomganda kwenye nyusi, na mimi pia nitamwita hivyo.

Basi, mbele ya kila jina seva iliweka saa ya kimya, yaani muda uliopita tangu mwenye jina aandike neno. Neno lolote, kwa mtu yeyote, liwe la mbele ya baraza zima au la faragha kwa mtu mmoja. Ukiandika, saa yako inarudi sifuri. Ukinyamaza, inapanda. Kutazama tu saa za wenzako hakuigusi yako. Mafundi waliipenda kweli saa hiyo, kwa sababu mikono yao iko majini nusu ya siku. Ukiona mwenzako kimya chake ni kirefu, ujue yuko kwenye jiwe, na kumwita mtu aliye kwenye jiwe ni kukosa adabu, maana akishtuka tu lenzi ya mteja imekwenda na maji. Ukiona kimya chake ni kifupi, mwite.

Mwaka uliotangulia mwanabaraza mmoja alishauri kila mtu aruhusiwe kuificha saa yake akitaka. Lo, alichekwa huyo! Wakapiga kura, wakamwambia hapa tunatengeneza macho ya watu, hatuyazibi. Vumbi naye alipiga kura saa ibaki. Alipenda kufungua kompyuta asubuhi, kabla hata ya kuvaa aproni, akaona namba ndogo mbele ya jina la Macho Manne. Ilimwambia kuna mtu.

Macho Manne alikuwa mama mtu mzima mwenye duka lake katika mji mwingine, mbali, safari ya basi ya usiku kucha. Ndiye aliyelianzisha baraza. Ndiye pia aliyempigia simu mwenye duka hili akamwambia nina binti yangu, mikono ya dhahabu, mpe kazi na usimuulize ametoka wapi. Duniani kote ni yeye peke yake aliyejua Vumbi amejificha wapi. Hawakuwahi kuonana. Vumbi alimwita Bimkubwa, na wao wawili walikuwa na salamu yao. Wa kwanza kufika huandika, "Kipofu wewe, umeamka?" na wa pili hujibu, "Nimeamka, lakini sikuoni." Miaka miwili hiyo, kila siku ya kazi, na bado walikuwa wakicheka.

Sasa turudi kwenye sifuri.

Sifuri ilikuwa ya mtu aliyejiita Mpita Njia. Aliingia barazani majuma machache nyuma na hakusema hata "hodi". Hilo si ajabu, wengi huja kusikiliza tu. Lakini msikilizaji saa yake hupanda, ikafika masaa, ikafika siku, mpaka watu wanamsahau. Ya huyu haikupanda. Ilifika dakika tatu, ikarudi sifuri. Ilifika tano, ikarudi. Bubu mbele ya watu, na mikono yake haitulii. Kwa hiyo alikuwa akimwandikia mtu faraghani, kutwa.

Wewe na mimi tungesema, shauri yake. Vumbi hakuweza kusema hivyo. Na nisiwafiche, alikuwa na sababu.

Mume aliyemkimbia hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa mtu wa kugusa vitu. Akirudi nyumbani, kabla ya salamu, alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye televisheni akaweka kiganja mgongoni mwake. Ikiwa ya moto, mkewe amekaa anaangalia, hakufanya kazi. Ikiwa baridi, alikuwa wapi? Halafu pasi. Halafu birika. Halafu kiti cha karibu na dirisha, kama kina joto la mtu. Akimaliza kugusa ndipo anamgusa na yeye, na huko siwapeleki. Inatosha kusema kuwa kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto hakikunjiki tena vizuri, na kwamba siku aliyotoroka na binti yake aliiacha televisheni inawaka, ili ibaki na joto, wapate muda wa kufika mbali.

Mtu wa namna hiyo, mpe saa ya kimya ya mkewe aitazame kutoka popote alipo. Umempa nini? Umempa televisheni ambayo mgongo wake haumfichi kitu.

Na ufundi wa miwani aliufahamu, jamani, kwani walijifunza pamoja. Ukitaka kumpata fundi, unakwenda walipo mafundi.

Mchana huo Vumbi hakusaga hata lenzi moja. Alikaa akitazama orodha ya majina, akitaka kujua huyo Mpita Njia anamwandikia nani. Kuyasoma maneno ya faragha ya watu hakuweza, ila saa aliziona. Saa ya Mpita Njia ikarudi sifuri. Alipandisha macho na kuyashusha kwenye majina yote. Muda kidogo, jina jingine nalo likarudi sifuri, na barazani hakuna neno lililoandikwa. Kisha Mpita Njia tena. Kisha lile jingine. Wanapokezana. Huyu anauliza, huyu anajibu.

Lile jingine lilikuwa Macho Manne.

Vumbi aliinuka, akaenda kunywa maji, akarudi bila kuyanywa. Akaandika faraghani, "Bimkubwa, unaongea na nani leo?"

Jibu likaja. "Niongee na nani mie? Niko peke yangu na jiwe langu. Kasage, wewe."

Uongo. Uongo mtupu, kutoka kwa mtu pekee aliyemwamini. Alilitazama jibu hilo mpaka macho yakamchonyota. Angeweza kumuuliza tena, angeweza kumshika pale pale, lakini hofu ina tabia mbaya, humfunga mtu mdomo wakati anapouhitaji. Alifunga kompyuta, akamfuata binti yake shuleni kabla ya wakati, na njia nzima alimshika mkono msichana mkubwa wa kidato cha kwanza mpaka msichana akauliza, "Mama, leo tunavuka mto?"

Kesho yake alifungua kompyuta na aproni mkononi. Akatafuta jina. Mpita Njia, kimya, masaa kumi na mbili.

Ungedhani angeshusha pumzi. La! Alikaa chini kwenye kiti. Mtu ambaye hajanyamaza majuma mazima, kwa nini anyamaze usiku kucha? Anayeacha kuuliza amekwisha jibiwa. Na kutoka mjini kwao kwenda popote, basi huondoka jioni na kufika asubuhi.

Hapo alifanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya miaka yote miwili. Alimpigia Bimkubwa simu kwa sauti.

"Nani?" Sauti ilikuwa ya kukwaruza, nene kuliko alivyoiwazia.

"Ni mimi. Vumbi. Bimkubwa, umemwambia nini yule mtu?"

Mama akaguna. "Kumbe umeona."

"Nimeona saa zenu. Umemwambia nini?"

"Alisema ni kaka yako. Alisema mama yenu yuko hoi kitandani, anakutaja wewe tu, na kwamba nikikwambia utakimbia kwa sababu mligombana. Nikamwonea huruma, mwanangu, sitakuficha. Siku mbili tatu nilimwonea huruma."

"Mama yangu alikufa nikiwa mdogo."

"Ningejuaje? Hukuniambia, na mimi si mtu wa kuchokonoa. Lakini nilimshtukia. Kaka wa mtu huuliza kama dada ni mzima, kama mtoto anakula. Huyu aliuliza unakaa mezani kuanzia muda gani. Aliuliza ukinyamaza huwa unakwenda wapi. Kaka gani huyo? Nikajua ni yule wa kidole chako."

"Ukampa anwani?" Vumbi alikuwa ameegemea ukuta. Mwenye duka, mtu mnene mwenye miwani mizito, alichungulia kutoka mbele na kuona uso wake, akaingia taratibu.

"Nilimpa anwani. Yangu."

"Nini?"

"Nilimwambia unafanya kazi kwangu. Hapa hapa, dukani kwangu. Aje nimwone uso. Nimezika waume wawili mimi, huyo wa tatu atanifanya nini?"

"Bimkubwa, funga mlango. Funga sasa hivi, toka hapo, nenda kwa watu!"

"Sikukwambia kwa sababu ungefungasha mizigo na mtoto ana mitihani. Tulia basi, mbona unapumua hi..."

Kengele ya mlango ikalia upande ule wa simu. Vumbi aliisikia wazi, kengele ndogo ya shaba ya dukani.

"Subiri, mteja," alisema Bimkubwa, na sauti yake ikasogea mbali na simu. "Karibu baba, karibu ndani."

"Asante mama. Habari za kazi? Namtafuta dada yangu."

Upole ule. Utaratibu ule ule wa kutamka neno moja moja, kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Mgongo wa Vumbi ulikumbuka kabla ya kichwa chake, akajikuta amejikunyata sakafuni kati ya jiwe na ndoo ya maji. Simu ikakatika. Alipiga tena. Iliita, ikaita, haikupokewa.

"Bosi," alisema, na sauti ikatoka kama si yake, "yuko kwa Bimkubwa. Atamuua."

Mwenye duka huyu alikuwa mtu wa maneno mengi, mtu wa kusimulia hadithi mpaka mteja anasahau alikuja kufuata nini. Siku hiyo hakuuliza hata swali moja, na mimi nampa heshima yake kwa hilo. Alikuwa akinunua fremu za jumla kwa mfanyabiashara wa mtaa ule ule wa Bimkubwa, milango michache kutoka kwake. Akachukua simu yake, akaanza kumtafuta. Haikupokewa. Akajaribu namba ya pili.

Vumbi alijivuta mpaka kwenye kompyuta. Macho Manne, kimya, dakika nne. Tano. Hakujua mikono ya Bimkubwa iko wapi, wala ya mwanaume yule iko wapi. Barazani watu walikuwa wakitaniana kuhusu mteja aliyeleta miwani iliyokaliwa na ng'ombe. Alitaka kuwapigia kelele. Sita. Saba.

Kisha ikarudi sifuri.

Dirisha la faragha likafunguka, jina juu yake Macho Manne, na maneno yakasomeka, "Hujambo mwanangu. Usiwe na wasiwasi, yule mtu ameondoka. Niambie uko wapi sasa, nina mzigo wako nataka kuutuma."

Hakuna "kipofu wewe". Hakuna "umeamka". Na Bimkubwa, aliyemtafutia kazi hii kwa mdomo wake, anauliza uko wapi?

Vumbi aliondoa mikono kwenye kibodi kama imeungua. Alikuwa akitazamana na mumewe. Miaka miwili, basi la usiku kucha katikati, na sasa wako uso kwa uso, mstari mmoja wa maandishi kati yao. Kila kiungo mwilini mwake kilimwambia zima, chomoa waya, mchukue mtoto, kimbia. Na miguu ilikwisha anza kuinuka, wallahi, alikwisha shika mkoba. Ndipo jicho likaangukia ile namba ya kijivu.

Macho Manne, kimya, dakika moja.

Akaelewa. Ikiwa sifuri, mikono ya mwanaume yule iko kwenye herufi. Ikipanda, mikono yake ni mitupu, na Bimkubwa yuko chumba hicho hicho.

Dakika mbili.

Aliacha mkoba. Akaandika, "Sijambo Bimkubwa. Ah, ulinitisha! Mzigo gani huo?"

Sifuri. "Lenzi. Nipe anwani."

"Nimehama. Bosi ametuhamishia duka jingine. Nikuelekeze?"

Sifuri. "Nielekeze."

Basi akaanza kumzungusha. Akamwandikia shuka kituo kikuu. Akasubiri kidogo. Akaandika kuna duka la dawa, usiingie barabara hiyo, ingia inayofuata. Alijenga mtaa usiokuwapo, akaweka duka la viatu, akaweka fundi saa, akaweka msikiti na kanisa vikitazamana, na kila alichokiweka alikikata vipande vidogo ili yule mtu abaki akiuliza. "Upande gani?" aliuliza. "Kulia au kushoto kwa kanisa?" Akichelewa kujibu, namba ilipanda dakika moja, na Vumbi akarusha sentensi yoyote ile, "subiri mteja," "samahani, naandika na glavu," hata upuuzi, ili mradi yule aandike tena. Nyuma yake mwenye duka alikuwa amempata mtu. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Nenda na watu. Usiende peke yako. Piga polisi huku mnakwenda. Sasa hivi, ndugu yangu, usifunge hata duka."

"Na mtoto?" yaliandikwa maneno hayo.

Vumbi aliuma ngumi. Kusema kweli hapo ndipo nusura aharibu kila kitu, kwa kuwa mkono ulitaka kuandika matusi, matusi aliyoyahifadhi miaka. Akaandika, "Mtoto hajambo. Anakusalimu."

Sifuri. "Anasoma shule gani?"

"Ngoja nimalizie njia kwanza, usije ukapotea. Ukifika kwa fundi saa..."

"Unaandika polepole sana."

Alisita.

"Umeanza lini kuandika polepole?" yakaja maneno. "Ulikuwa na mikono myepesi sana wewe. Unajua ni mimi. Eh?"

Alitazama namba.

Dakika moja.

"Niko hapa," aliandika haraka. "Ni kweli najua. Zungumza na mimi. Mwache mama, zungumza na mimi, nitakwambia tuko wapi."

Mbili. Tatu.

"Nitakwambia ukweli. Andika. Andika tu, nipo."

Nne. Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yake, mkono umeshika egemeo la kiti. Sita. Vumbi akaanza kulia bila sauti, machozi yanashuka juu ya unga wa mashavuni. Alikuwa akiomba. Aliomba namba irudi sifuri, aliomba isirudi sifuri, hakujua aombe lipi, maana hakujua sifuri itakuwa ya nani. Kumi. Barazani mtu akaandika, "Vumbi, uko kwenye jiwe?" na hakuna aliyemjibu. Kumi na tisa.

Sifuri.

"Kipofu wewe," ilisomeka, "umeamka?"

Vumbi alilaza paji la uso kwenye kibodi. Mwenye duka alilia waziwazi, mtu mzima yule, akavua miwani akaifutia kwenye shati. Ilichukua muda ndipo Vumbi alipoweza kuandika, na maneno yalitoka yamevurugika lakini yalieleweka. "Nimeamka, lakini sikuoni."

Simu ikaita, na mara hii ilikuwa sauti yenyewe, ile ya kukwaruza. Muuza fremu aliingia na wapakuzi wanne wa mzigo, alisema Bimkubwa. Wamemkalia. Askari ndio hao wanateremka. Mwanaume yule hakumpiga, hapana, alifanya jambo jingine. Alimvua miwani, taratibu kabisa, akaitia mfukoni mwake, akamwambia kaa hapo mama. Bila miwani Bimkubwa haoni hata mlango uko upande gani. Akakaa kwenye kona ya duka lake mwenyewe, anasikia herufi zinagongwa, hajui kinachoandikwa, hajui kama mtu huyo yuko mezani au yuko mbele ya pua yake.

"Nilikuwa nahesabu kwa kusikia," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ya kukwaruza ilipasuka. "Zikigongwa nasema bado niko hai. Zikinyamaza... Mwanangu, kile kimya. Sijawahi kuogopa hivyo. Nisamehe."

"Nisamehe wewe," alisema Vumbi, na wakabaki wakisikilizana wanavyopumua.

Baraza lilipiga kura upya siku hiyo hiyo. Hakuna aliyecheka. Jioni, alipokuwa akifunika kompyuta kwa kitambaa, saa zote zilikuwa zimezimwa, majina matupu yamepangana. Vumbi aliyatazama na, ajabu, hakupata nafuu aliyoitegemea. Hakujua tena nani yupo na nani hayupo.

Alirudi nyumbani. Binti yake alipaswa awe ametangulia kutoka shuleni. Mlango ulikuwa umefungwa kama kawaida, akafungua kwa ufunguo wake, akaita. Hakuitikiwa. Akaita tena. Sebule ilikuwa tupu, begi la shule halikuwepo mahali pake, na hofu ya siku nzima ikamrudia yote kwa mpigo. Alivuka sebule kwa hatua ndefu.

Ilikuwa ya moto. Oh, ilikuwa ya moto, alikuwepo, alikuwa ametoka kukaa hapo sasa hivi! Na kutoka bafuni akasikia maji yanafungwa, na binti yake akatoka na taulo kichwani, akasimama mlangoni.

Msichana alikuwa mdogo walipotoroka, lakini hakuwa mdogo kiasi hicho. Macho yake hayakuwa usoni mwa mama yake. Yalikuwa kwenye mkono, ambao kiganja chake kilikuwa kimetulia mgongoni mwa televisheni.

"Mama," alisema polepole, akirudi nyuma hatua moja. "Nilikuwa naoga tu."